Uzi: "Wekeni akiba ya chakula," wanatuambia. Sawa, lakini kwa ploti, wapi? (Somo kutoka Kitui na Makueni)

1. Wadau, kila mvua ikikosa Ukambani mjadala ni ule ule. Upande mmja unasema wananchi ni wavivu wa kuweka akiba. Upande wa pili unasema serikali imelala. Redioni wanapigiana kelele saa nzima, halafu tunarudi kwa muziki. Mimi nasoma sayansi ya siasa, nimepanga chumba kimoja Kitui mjini, na nyumbani ni Makueni. Leo nataka tuchambue hii kitu polepole, bila jina la mheshimiwa yeyote wala chama.

2. Tuanze na sheria, kwa sababu wengi huiruka. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(1)(c), inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Shika hayo maneno mawili ya mwisho, "ubora unaokubalika". Tutayarudia.

3. Wanasiasa hupenda kujibu hivi: kifungu cha 21 kinasema haki hizi zinatimizwa hatua kwa hatua. Ni kweli. Lakini hatua kwa hatua maana yake hatua zionekane. Anayekuambia "polepole" anadaiwa ratiba.

4. Ni kazi ya nani hasa, Nairobi au kaunti? Jedwali la Nne la Katiba linagawa. Kilimo, pamoja na huduma zake mashinani, ni cha kaunti. Sera ya kilimo ni ya serikali ya kitaifa. Majanga yako pande zote mbili. Ndiyo maana kila upande unaweza kumsukumia mwenzake lawama na wote wawili wakaonekana wana hoja.

5. Juu ya hapo kuna NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame, iliyopata sheria yake 2016. Kitui na Makueni ni kati ya kaunti 23 kame inazozifuatilia. Kila mwezi hutoa taarifa inayosema kaunti iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kupona. Ziko wazi kwa umma. Kwa hiyo mtu akisema "ukame ulitushtua", muulize taarifa ya miezi mitatu iliyopita ilisema nini.

6. Sasa historia. Wakamba hutaja njaa kwa majina, na kila jina lina somo la siasa. 1961 kulikuwa na Yua ya Ndeke, njaa ya ndege: ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikadondoshwa kutoka angani. Miaka ya 1980 ikaja Nikw'a Ngwete, yaani "nakufa nikiwa nimeshika". Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na dukani hakuna cha kununua.

7. Hilo jina la pili linatuhusu sana sisi wa mjini. Mkulima akikosa mvua anaona shamba limekauka mapema. Mpangaji anaona tu bei ya gorogoro ikipanda, mpaka siku muuzaji anasema hakuna. Akiba yetu iko kwa simu. Ni nzuri, lakini inategemea lori lifike, duka liwe na mzigo na bei isikimbie.

8. Kuna wanaosema dawa ni serikali kushusha bei ya unga. Tumejaribu. 2017 pakiti ya kilo 2 iliwekwa shilingi 90. Julai 2022 iliwekwa 100, kwa wiki nne. Mara zote mbili, sehemu nyingi watu walizunguka maduka wakikuta rafu tupu.

9. Kwa nini? Bei ikishushwa na mzigo ni ule ule, anayefaidi ni yule anayefika wa kwanza akiwa na hela ya pakiti kumi na mahali pa kuziweka. Mfanyakazi wa kibarua anayenunua unga wa leo kwa pesa ya leo anafika jioni, umeisha. Ruzuku ya bei bila uwezo wa kuhifadhi humfuata mwenye stoo.

10. Kwa hivyo kambi ya "wekeni akiba" imeshinda? Msikimbie. Tumefundishwa kwamba akiba haiozi. Nendeni 2004.

11. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi inayoitwa aflatoksini. Watu 125 walikufa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Ni kati ya misiba mikubwa zaidi ya aina hiyo iliyowahi kurekodiwa duniani. Na haikuwa mara ya kwanza: 1981 watu 12 walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika eneo la Makueni.

12. Ilitokeaje? Chakula kilikuwa haba, watu wakaogopa wizi. Wengine wakavuna mahindi kabla hayajakauka vizuri, wakayaingiza ndani ya nyumba badala ya kuyaacha kwenye ikumbi, ghala la nje linalopitisha hewa. Ndani kuna joto na unyevu. Ukungu ukanoga. Yaani waliokufa hawakuwa watu waliokataa kuweka akiba. Waliweka, ila katika mazingira mabaya.

13. Na haikuwa ya nyumbani tu. Mwaka huo huo wachunguzi walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kwenye masoko ya eneo hilo. Asilimia 55 zilizidi kipimo cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 zilizidi 1,000. Leo kipimo cha Kenya ni 10. Hebu fikiria mama aliyenunua gorogoro moja sokoni angejuaje.

14. Hapa ndipo penye kiini cha uzi huu. Sumukuvu huwezi kuiona kwa uhakika, huwezi kuionja, na kupika hakuiondoi. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza, lakini hakumalizi. Kuigundua kunahitaji kipimo. Mtu mmoja hawezi kujipimia kila gorogoro. Hiyo ni kazi ya umma, kama vile huwezi kujichimbia mtaro wa maji taka wa mji mzima. Ndiyo ile "ubora unaokubalika" ya Katiba.

15. Sasa mpangaji. Chumba ni futi 10 kwa 10. Kitanda, jiko, ndoo, na mvuke wa ugali kila jioni. Mabati juu yanachemka mchana. Hayo ni mazingira ya 2004 kabisa. Ukimwambia huyu anunue gunia la kilo 90 halafu umwache hapo, ushauri wako unaweza kumdhuru.

16. Lakini hata mpangaji ana kitu anaweza kufanya. Tufanye hesabu. Msaada wa dharura kwa kawaida hupimwa hivi kwa mtu mmoja kwa siku: nafaka karibu gramu 400, kunde za aina yoyote gramu 60, mafuta gramu 25. Watu wanne kwa wiki mbili: nafaka kilo 22 na kidogo, ndengu au maharagwe kilo 3 na nusu hivi, mafuta chini ya lita 2. Hayo ni magorogoro 11 ya nafaka na mawili ya ndengu. Yanaingia chini ya kitanda. Si lazima ununue siku moja. Gorogoro moja la ziada kila wiki, ndani ya miezi mitatu umefika.

17. Nunua wakati gani? Msimu mkubwa wa Ukambani ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na mavuno huingia kuanzia Februari. Hapo bei iko chini. Anza na ndengu, kunde na mbaazi, ndizo mazao yetu, zinastahimili ukame. Nafaka nzima hukaa kuliko unga, kwa hivyo unga nunua wa kutumia karibuni tu.

18. Kabla ya kufungia mahindi, fanya jaribio la chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Kiwango salama cha kuhifadhi ni 13.5, kwa hivyo yaongezee jua hata yakipita. Na kumbuka: jaribio hili linapima unyevu, halipimi sumu. Yaliyooza, yaliyobadilika rangi au yenye ukungu, toa.

19. Halafu tumia mfuko usiopitisha hewa, ule wa tabaka tatu, au chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, ukijaze mpaka juu. Wadudu wakikosa hewa wanakufa, hata yule dumuzi mkubwa ambaye wakulima wanamwita Osama. Ila mfuko haukaushi kitu. Ukifungia mahindi yenye maji, umefungia tatizo. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta na jiko. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka.

20. Hii iandikeni kwa wino mwekundu: vidonge vya kufukiza nafaka haviingii ndani ya chumba unacholala. Vinatoa gesi inayoua watu, si wadudu pekee. Chumba kimoja hakina stoo. Chumba kizima ni cha kulala.

21. Friji si ghala. 2023 umeme ulipotea nchi nzima Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Nyama yako ilikuwa inategemea laini moja. Maji nayo: kwa kunywa tu, hesabu lita 3 kwa mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 36, yaani mitungi miwili ya lita 20. Anayekaa Kitui au Wote hahitaji kuelezwa kwa nini.

22. Naskia mtu akisema, "Basi umejibu, kila mtu ajipange." Hapana. Angalia nilichoorodhesha. Mpangaji anaweza kukausha, kufunga na kupanga. Hawezi kupima sumu. Hawezi kufanya mvua za misimu mitano mfululizo zisikose, kama ilivyotokea kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Na anayelipwa kwa siku hawezi kuongeza hata hilo gorogoro moja kama kodi imekula mshahara. Wiki mbili za akiba zinakununulia muda. Ukame hauishi kwa wiki mbili.

23. Kuna jambo lingine ambalo mijadala huliacha. Orodha za msaada kwa kawaida huanzia kijijini, kwa chifu na kamati. Mpangaji yuko wapi? Kijijini wanasema huyo ni wa mjini, ana kazi. Mjini wanasema huyo ana kwao. Na ule mpango wa kitaifa wa kutumia fedha familia wakati wa njaa, HSNP, ulianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Ukambani haikuwa ndani. Bibi aliyepanga Wote anaweza kukosa pande zote mbili na hakuna aliyevunja sheria yoyote.

24. Kwa hivyo, akija mtu kuomba kura, usimuulize "utatuletea chakula?" Kila mtu atasema ndiyo. Muulize haya:

Moja, mahindi ya soko letu yanapimwa sumukuvu mara ngapi, na matokeo yanabandikwa wapi?

Mbili, mashine za kukausha ziko wapi, na mkulima mdogo analipa ngapi kwa gunia?

Tatu, sheria ya stakabadhi za maghala ipo tangu 2019. Ghala la karibu lililosajiliwa liko wapi, na vikundi vya wapangaji au chama cha akiba vinaweza kuhifadhi humo?

Nne, mfuko wa dharura wa kaunti una kiasi gani? Sheria ya fedha za umma inauruhusu, na inaweka kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya kaunti kwa malipo ya mwaka.

Tano, mpangaji anaandikishwa kwa msaada wapi, kwao au anapolala?

25. Na usingoje kampeni. Karatasi ya mpango wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Februari 28 kila mwaka, na kabla ya hapo maoni ya umma lazima yatafutwe. Makueni imejijengea sifa ya kushirikisha watu hadi vijijini. Kitui na Wote zina bodi za manispaa, na sheria ya miji ya 2011 inawapa wakazi haki ya mabaraza. Wakazi ni pamoja na wanaolipa kodi ya nyumba, si wenye nyumba tu. Vikao hivi mara nyingi hujaa wazee na wafanyabiashara, wapangaji hatuonekani. Halafu bajeti ikitoka tunashangaa hatumo.

26. Msimamo wangu, ili msiseme nimekwepa: akiba ya wiki mbili ni jukumu la nyumba pale mapato yanaporuhusu. Usalama wa hicho chakula, na kila kitu baada ya wiki mbili, ni jukumu la serikali, ya kaunti na ya taifa. Anayeshikilia nusu ya kwanza pekee anawaambia watu wa Makueni kwamba wale 125 walijitakia.

27. Wapangaji wa Kitui, Wote, Emali, Mwingi, Mtito: mnahifadhi vipi huko kwenu, na kuna yeyote aliyewahi kuandikishwa msaada akiwa mpangaji? Andikeni hapa chini. Majibu nitayakusanya niyapeleke kwenye kikao kijacho cha maoni ya bajeti, na nikirudi nitawaambia tulijibiwa nini.