Mvua, usubi na mbung'o: kwa nini njia ya Kabezi haikuwa njia ya farasi

Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kupitia Kabezi hadi Rumonge, unaonekana kuwa na kila kitu ambacho mpanda farasi angekitamani: ukanda wa ardhi tambarare kandokando ya maji, njia za miguu zinazopanda milimani, na majani mabichi sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, mkazi wa huko anaweza kuishi miaka mingi bila kumwona farasi hata mmoja. Mizigo husafiri kwa mtumbwi, kwa baiskeli, kwa gari au kichwani.

Wengi hudhani kwamba sababu ni umaskini au mazoea. Sababu iliyo kubwa zaidi ni mvua. Mvua hiyo si lazima iwe ile inayomnyeshea msafiri akiwa njiani. Inayomdhuru zaidi ni ile iliyonyesha mlimani saa moja kabla, na ile iliyonyesha wiki mbili zilizopita.

Masika isiyotabirika

Burundi haina majira ya kuchipua kama yale ya Ulaya, ambako theluji huyeyuka na majani kurudi. Katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, wakati kaskazini mwa dunia kunachipua, mwambao wa Tanganyika huwa katikati ya masika, mvua kubwa zinazoanza Februari na kuendelea hadi Mei. Kisha huja kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Vuli huanza Septemba, na mara nyingi hukatizwa na siku chache za ukavu kuelekea Januari.

Hiyo ndiyo kalenda. Mvua zenyewe haziifuati sawasawa. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, zikichochewa na El Niño, zilinyesha mfululizo kiasi kwamba tarehe 16 Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba kwa pamoja msaada wa kimataifa. Watu wapatao 96,000 walikuwa wamehama makazi yao. Ziwa lenyewe lilipanda hadi kukaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari na kuingia mitaani.

Mvua ya mlimani, mafuriko ya ufuoni

Ili kuelewa hatari ya njia hii, msomaji na aitazame kutoka ziwani. Maji ya ziwa yako kwenye mwinuko wa takriban mita 770. Upande wa mashariki, kwa umbali usiofika kilomita 40, Mlima Heha unapanda hadi zaidi ya mita 2,600. Kati ya hapo kuna miteremko mikali iitwayo Mumirwa, na chini yake ukanda mwembamba wa tambarare uitwao Imbo. Kabezi iko hapo, mahali miteremko na ziwa vinapokaribiana.

Mito inayotoka milimani, ukiwemo Mugere, haina nafasi ya kutulia. Mvua ikinyesha juu, maji huteremka kwa kasi yakibeba udongo na mawe, na huweza kufika ufuoni huku jua likiwaka na mchanga ukiwa mkavu. Mtu aliyevuka kijito asubuhi akiwa na maji ya kifundoni anaweza kukikuta jioni kikiwa mto mwekundu unaong'oa migomba.

Barabara ya taifa namba 3, inayounganisha Bujumbura na Rumonge, imejengwa kwenye ukanda huo huo. Mwaka 2015, huko Gitaza, kusini mwa Kabezi, maporomoko ya udongo yaliziangukia nyumba na kuikata barabara hiyo. Mahali lami na zege vinaposhindwa, kwato za mnyama haziwezi kuwa salama zaidi.

Mvua ya wiki mbili zilizopita

Hatari ya pili haionekani kwa urahisi, kwani inabebwa na mdudu mdogo kuliko mbu: usubi. Baadhi ya aina zake hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao upo katika maeneo mengi ya kusini mwa Sahara. Usubi huzaliana kwenye udongo wenye unyevunyevu na samadi. Mvua kubwa ikifuatwa na joto, idadi yake huongezeka sana katika wiki chache, na huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri.

Farasi mmoja hamwambukizi mwenzake kwa kugusana. Lakini akiumwa na usubi mwenye virusi, huweza kuanza kuugua kabla ya wiki mbili kwisha. Katika sura kali zaidi ya ugonjwa huo mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na zaidi ya asilimia 90 ya farasi wasio na kinga hufa. Pundamilia huweza kubeba virusi bila kuonekana wagonjwa, na punda wa Afrika huwa wastahimilivu zaidi kuliko farasi.

Historia inaonyesha ukubwa wa pigo hilo. Afrika Kusini ilipoteza takriban farasi 70,000 katika mlipuko wa mwaka 1854 na 1855. Mwaka 1999, watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba milipuko mikubwa nchini humo iliendana na miaka ya El Niño, pale ukame ulipofuatwa na mvua kubwa. Mwaka 2020 ugonjwa huo ulifika Thailand na kuua farasi zaidi ya 500.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya Afrika Kusini na mwambao wa Tanganyika. Kule, baridi ya jalidi huwapunguza wadudu na mlipuko hukoma. Ufuoni mwa Tanganyika hakuna jalidi. Joto la ziwa halimpi farasi miezi ya kupumzika na wadudu.

Mbung'o na vichaka vya ufuoni

Adui wa tatu ni mbung'o. Mdudu huyu hueneza vimelea vinavyosababisha nagana kwa wanyama na malale kwa binadamu. Daktari David Bruce alithibitisha uhusiano wa vimelea hivyo na nagana katika nchi ya Wazulu katikati ya miaka ya 1890. Farasi akipatwa hukonda, huishiwa damu, miguu yake huvimba, na mwisho hufa.

Baadhi ya aina za mbung'o hupenda vichaka vya kingo za mito na maziwa, yaani mahali pale pale ambapo watu huchota maji na kufunga mitumbwi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwambao huu ulipokuwa chini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, malale yaliwasumbua sana wakazi wa Imbo ya kusini. Watawala walianzisha kambi za matibabu, ikiwemo ya Niansa, na vichaka vya ufuoni vikafyekwa. Ardhi iliyomtesa binadamu kiasi hicho haikuwa na nafasi kwa farasi.

Farasi wa Sultani

Ushahidi unaojulikana zaidi uko katika safari ya Henry Morton Stanley. Mwaka 1871 aliondoka Zanzibar kumtafuta David Livingstone akiwa na farasi wawili. Mmoja, wa Kiarabu na wa rangi ya kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Wa pili, mwekundu, aliyetoka Rasi ya Tumaini Jema, alipewa na mfanyabiashara wa Kimarekani aliyeishi Zanzibar. Alikuwa pia na punda wa mizigo.

Stanley alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, masika ilipokuwa ikianza. Kabla ya kufika mbali, huko Kingaru, farasi wa kijivu alikufa. Saa chache baadaye, wa pili akamfuata. Stanley aliwapasua. Tumboni mwa farasi wa kijivu alikuta minyoo mingi, na kifo cha wa pili alikihusisha na saratani ya tumbo. Mkuu wa kijiji naye alidai faini ya nguo kwa sababu mzoga ulizikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley alipojitolea kuufukua, mkuu huyo aliona afadhali ubaki ulipo.

Mbele zaidi, tambarare ya Makata ilikuwa imefurika, na punda kadhaa wakafa. Livingstone mwenyewe alikuwa amejaribu jambo kama hilo mwaka 1866, aliposhuka Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, ili aone kama wangestahimili mbung'o. Kazi nzito, matunzo mabaya na maradhi viliwamaliza karibu wote.

Wawili hao walikutana Ujiji mwaka 1871, kisha wakaelekea kaskazini mwa ziwa. Walisafiri kwa mtumbwi. Jiwe lililoko Mugere, kati ya Bujumbura na Kabezi, limeandikwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Walipofika hapo hawakuwa na farasi wa kufunga.

Wachungaji waliifahamu kalenda

Haya yote hayakuwa mageni kwa wenyeji. Wafugaji wa nyanda za juu za Burundi walikuwa na desturi ya kuteremsha ng'ombe hadi Imbo wakati wa kiangazi, majani yalipokauka milimani, na kuwapandisha tena mvua ziliporejea. Desturi hiyo iliwapa mifugo malisho, na pia iliwaondoa bondeni katika miezi ya wadudu na mafuriko.

Nchi za Afrika zilizoshikamana na farasi zina maelezo kama hayo. Ethiopia na Lesotho zina nyanda za juu zenye baridi, zisizo na mbung'o. Huko farasi hubeba watu na mizigo hadi leo. Jina lenyewe farasi liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kama wanyama wenyewe walivyoletwa kwa jahazi. Punda ana jina la Kibantu.

Kwa anayepanda farasi leo

Siku hizi kuna chanjo, dawa na vyandarua vya mazizi, na si muhali kumtunza farasi katika nchi za joto. Lakini anayetoka naye wakati wa masika anapaswa kufuata saa mbili, na kwa bahati njema zinakubaliana. Ngurumo na mvua kali katika nchi za milima ya tropiki hujengeka zaidi mchana na alasiri. Usubi huanza kuuma magharibi. Kwa hiyo safari ifanyike asubuhi, jua likishachomoza, na mnyama awe zizini kabla ya giza.

Mpandaji atazame milima kabla ya kutazama anga iliyo juu yake. Wingu jeusi likiwa limekaa mlimani, asivuke mto hata kama maji ni machache. Maji yakianza kubadilika rangi au kuleta vijiti na majani, atoke bondeni mara moja apande juu. Mto uliojaa haujaribiwi kwa farasi: husubiriwa, na ile ya milimani mara nyingi hupungua upesi kama ilivyojaa.

Radi ikikaribia, ashuke kwenye tandiko, aondoke kileleni na asijikinge chini ya mti ulio peke yake. Kwenye matope, farasi aende hatua kwa hatua, kwani mteremko laini huweza kumchana mishipa ya miguu. Baada ya safari, kwato zisafishwe na mgongo ukaushwe. Tandiko juu ya manyoya yaliyolowa huleta vidonda, na kwato zinazoshinda kwenye unyevunyevu huoza. Samadi iondolewe kila siku, kwani ndimo usubi huzaliana.

Kwa waliohamia mbali

Wasikilizaji wengi wenye asili ya Burundi, Kongo na Tanzania sasa wanaishi Ulaya, Amerika na Australia. Huko watoto wao huweza kukaribishwa shambani kupanda farasi katika majira ya kuchipua: Machi hadi Mei kaskazini mwa dunia, Septemba hadi Novemba kusini. Wadudu ni wengine na maradhi ni mengine. Nchini Australia, kwa mfano, kuna virusi vya Hendra, vilivyogunduliwa mwaka 1994. Hubebwa na popo, humwambukiza farasi, na kutoka kwake huweza kumfikia binadamu. Chanjo ya farasi ilipatikana mwaka 2012.

Hata majani mapya huwa na hatari. Sukari iliyomo katika majani ya majira ya kuchipua huweza kumsababishia farasi uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye farasi kwa mara ya kwanza asione haya kumuuliza mwenye shamba kuhusu chanjo, kofia ngumu, hali ya njia na utabiri wa siku hiyo. Kutowajua farasi si dosari ya malezi. Katika nchi waliyotoka wazazi hao, wadudu na mafuriko havikumwacha farasi aishi, na kumwogopa kidogo mnyama huyo mgeni kabla ya kumkaribia ni busara waliyorithi.