Breki za Barafuni

Grand Forks, katika jimbo la North Dakota, Marekani, ni mji ambako baridi ya Januari huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Chuo Kikuu cha North Dakota kinafundisha urubani hapo tangu 1968, na wanafunzi hawangoji kiangazi ndipo waruke.

Ukitaja ajali ya mafunzo kwenye theluji, wengi huwaza injini iliyozimika angani. Zipo hizo. Lakini aghalabu mambo huharibika matairi yakiwa yameshagusa ardhi na mwanafunzi ameshashusha pumzi.

Chukua Cessna 172 inayotua huku upepo ukivuma kutoka ubavuni. Mwendo ukiwa mkubwa, usukani wa mkiani unatii pedali. Ndege ikipunguza mwendo usukani unalegea, na kazi ya kuishika njia inabaki kwa matairi matatu madogo. Barafu haiyapi cha kushika. Upepo unasukuma mkia, pua inageukia upepo kama jahazi lililotia nanga. Mwanafunzi anakanyaga breki, kosa la mtu aliyezoea gari: gurudumu linajifunga, na ndege inateleza taratibu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, hadi kwenye tuta la theluji lililoachwa pembeni na greda. Panga boi linapinda. Hakuna aliyeumia, ila injini sasa lazima ifunguliwe ikaguliwe, na bili yake haina utani.

Marubani wa Marekani wana namba ya kuwaonya. Desemba 8, 2005, Boeing 737 ya shirika la Southwest ilipitiliza njia ya kurukia ya uwanja wa Midway, Chicago, katikati ya theluji, ikagonga gari barabarani na kumuua mtoto wa miaka 6. Kamati iliyoundwa baadaye ilizaa mfumo ulioanza Oktoba 2016: kila theluthi ya njia hupewa alama, 6 ikiwa kavu, 1 barafu, 0 barafu yenye maji. Tatizo, theluji haisomi ripoti. Alama ya saa moja iliyopita huenda imeshachacha.

Na kabla ya yote kuna jalidi, ukoko mwembamba wa barafu usiozidi ukali wa msasa, unaoweza kulipunguzia bawa asilimia 30 ya nguvu yake ya kuinua. Macho hayatoshi kuutambua. Mkufunzi huvua glavu, akapitisha kiganja juu ya bawa asubuhi ya baridi. Kikikwaruza, ndege inarudi bandani.