Hewa Iliyopimwa Isimwagwe: Valvu ya Presha kwa Gari la Turbo la Zamani

Dereva wa gari la petroli lenye turbo anapokanyaga mafuta hasa, feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kuisukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye injini. Kisha anainua mguu ili abadilishe gia. Papo hapo kilango cha throto kinajifunga, lakini turbo bado inazunguka na bado inasukuma. Hewa iliyojaa kwenye mabomba na intakula, pengine kwa presha ya bar 0.7, inakosa pa kwenda. Inageuka na kupenya kinyumenyume kwenye feni ileile iliyoileta, inasukumwa tena, inarudi tena, mara kadhaa kabla gia haijaingia. Ule mlio wa tu-tu-tu-tu unaosikika kwenye baadhi ya magari ndio huo: hewa inagombana na feni.

Ugomvi huo una gharama mbili. Ya kwanza ni mwendo wa turbo: feni inapunguzwa kasi, na dereva akikanyaga tena baada ya kubadilisha gia husubiri presha ijengeke upya. Ya pili ni beringi inayozuia shafti ya turbo isiende mbele na nyuma, kwa kuwa ndiyo inayopokea yale mapigo. Hapa inafaa kusema kweli, maana wauzaji wa vipuri hupenda kutia chumvi. Magari mengi ya turbo ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalitoka kiwandani bila valvu yoyote ya kuondoa hewa hiyo, na kwa presha ndogo yalitembea miaka mingi bila turbo kufa. Faida ya kwanza, ya gari kuitika upesi baada ya gia, dereva ataihisi siku ileile. Ya pili huwa na uzito zaidi kadiri presha inavyopandishwa kupita ile ya kiwandani.

Valvu yenyewe ni kitu rahisi. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira au pistoni, na springi inayokisukuma kifunge. Upande wa juu umeunganishwa kwa mpira mwembamba na manifoldi ya kuingizia hewa, mahali palipo baada ya throto. Upande wa chini unatazama bomba lenye presha, kabla ya throto. Ukiwa umekanyaga mafuta, presha ya juu na ya chini zinakaribiana, na springi inaiweka valvu imefungwa. Ukiinua mguu, manifoldi inageuka kuwa na mvuto. Mvuto huo unakivuta kiwambo juu, presha iliyonaswa inakisukuma kutoka chini, njia inafunguka. Kazi yote imekwisha kabla hujamaliza kubadilisha gia.

Swali linalogawa watu ni hewa hiyo iende wapi. Kuna valvu inayoirudisha kwenye bomba la kuingilia turbo, nayo hufanya kazi karibu kimyakimya. Na kuna inayoimwaga nje, ile ya mlio wa pshaa ambao vijana wanaupenda. Nchini Kenya mlio huo umeambatana na Subaru kiasi kwamba wengi huamini gari halijakamilika bila huo. Mapenzi hayo yana mizizi ya haki: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na leo Impreza na Forester za turbo zilizotumika Japani zimejaa barabarani. Lakini Impreza WRX ya kwanza, iliyotoka mwaka 1992, na Forester zilizoifuata, zilishatoka kiwandani na valvu ya kurudisha hewa. Anayefunga ya kumwaga nje haongezi kitu kilichokosekana. Anaondoa kilichopangwa.

Ubaya wake unatokana na mahali hewa inapopimwa. Kwenye Subaru hizo, sensa ya hewa imekaa jirani na boksi la eafilta, kabla ya turbo. Kontrolboksi inasoma kiasi cha hewa kilichopita hapo na kukipangia petroli yake. Hewa ikimwagwa nje baada ya hapo, kontrolboksi haina habari; inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena. Mchanganyiko unazidi petroli kwa kitambo. Moshi mweusi unatoka, ekzosi inalipuka, plagi zinashika masizi, na petroli isiyoungua inakwenda kuichemsha katalisti kama bado ipo. Dalili inayowaudhi watu zaidi ni gari kuzimika likikaribia makutano: dereva anaachia mafuta, valvu inamwaga, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyagwa mafuta) inaporomoka, injini inakata. Fundi anabadilisha koili, pampu ya mafuta, plagi, na tatizo linabaki palepale kwa sababu limefungwa kwa klampu juu ya intakula.

Si magari yote yenye kanuni hii. Toyota yenye injini ya 1JZ-GTE, na Starlet Glanza yenye 4E-FTE, hazipimi hewa kabla ya turbo. Zina sensa inayosoma presha ndani ya manifoldi yenyewe. Hewa iliyomwagwa kabla ya throto haikuwahi kuhesabiwa, kwa hiyo mwenye gari hilo anaweza kuchagua mlio anaoutaka bila kuharibu mchanganyiko. Kwa Volvo 240 Turbo na wenzake wanaotumia K-Jetronic ya Bosch, hali ni kama ya Subaru na hata zaidi: hewa inapimwa na sahani inayoinuliwa na mkondo wake, na sahani hiyo ndiyo inayoamua petroli. Hapo ni kurudisha hewa tu, tena irudi baada ya kipimo, kabla ya turbo.

Kabureta inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ikiwa turbo inasukuma hewa kavu kuingia kwenye kabureta, kama kwenye Renault 5 GT Turbo, kumwaga nje kunawezekana, kwa kuwa petroli bado haijachanganywa. Ikiwa turbo inavuta kupitia kabureta, kama kwenye Chevrolet Corvair Spyder ya mwaka 1962, ndani ya mabomba mna mvuke wa petroli, na kuumwaga juu ya injini yenye moto ni kuomba ajali. Kwa bahati njema gari la namna hiyo haliihitaji valvu: throto yake iko kabla ya turbo, na hakuna kilango kinachofunga njia baada ya feni.

Wenye dizeli nao huulizia. Injini nyingi za dizeli za zamani hazina throto ya kubana hewa. Mwendo wake unaongozwa na kiasi cha dizeli. Hakuna presha inayonaswa. Vifaa vinavyouzwa kwa ajili yao vinatengeneza mlio, basi.

Sasa kwenye kufunga. Gari la miaka 25 au zaidi lisipewe valvu kabla mabomba yake hayajapimwa. Ziba mdomo wa turbo, ingiza hewa ya kompresa taratibu isiyozidi presha ambayo gari lenyewe hufanya, paka maji ya sabuni kwenye maungio, tazama mapovu. Mara nyingi mtu aliyekuja kutafuta valvu huondoka na klampu mbili mpya na kipande cha mpira, na gari linavuta kuliko lilivyovuta kwa miaka.

Bomba la kutobolewa livuliwe kwenye gari kwanza. Chembe za alumini zikibaki ndani, injini itazimeza. Njia ya milimita 25 hutosha kwa injini nyingi za ukubwa wa kawaida zenye presha ya kiwandani. Mdomo wa kurudishia hewa uinamishwe ufuate mwelekeo wa mkondo kwenda kwenye turbo, na mpira wake uwe wa kustahimili oili, kwa sababu bomba lile hupitisha mvuke wa oili kutoka kwenye injini. Mpira wa maji ya rejeta utavimba na kulegea.

Mpira mwembamba wa mvuto ndio unaokosewa zaidi. Uchukue mvuto kwenye manifoldi baada ya throto, katika tundu lake peke yake. Usigawane na regyuleta ya petroli wala buusta ya breki. Uwe mfupi, mbali na ekzosi. Ukiunganishwa kabla ya throto, valvu haitafunguka kamwe, kwani hapo hapana mvuto.

Springi nayo ina kiasi chake. Ikiwa ngumu mno, ule mlio wa tu-tu-tu utabaki kwenye presha ndogo. Ikiwa laini mno, valvu itafunguka hata gari likiwa kwenye sailensa. Kwa ya kurudisha hewa hilo halina madhara makubwa. Kwa ya kumwaga nje, injini itavuta hewa chafu ambayo haikupita kwenye filta wala kwenye sensa, na sailensa itapanda na kushuka.

Ukinunua iliyotumika, vuta hewa kwenye kitundu chake cha juu kwa pampu ya mkono. Valvu nzima ya kiwambo hufunguka na kushikilia mvuto. Iliyopasuka kiwambo inapitisha hewa mara moja. Nakala za bei nafuu zenye nembo za watengenezaji mashuhuri nazo zipimwe vivyo hivyo, kwani kuna zinazovuja zikiwa mpya ndani ya boksi. Baada ya wiki moja ya mwendo wa kawaida ng'oa plagi: zikiwa na rangi ya kahawia hafifu, hewa inarudi inakotakiwa, zikiwa nyeusi na kavu kama masizi, fuata tena mabomba kutoka kwenye sensa hadi kwenye throto, ungio moja baada ya jingine.