Je, Wajua? Gitaa la Umeme la Kuunga Mwenyewe

Je, wajua kwamba Leo Fender, ambaye jina lake limeandikwa kwenye mamilioni ya magitaa, hakuwahi kujifunza kulipiga? Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Mwaka 1950 alipoingiza sokoni gitaa lake la mbao nzima, alikuwa amelibuni kwa jicho la fundi: shingo ikiharibika, ifunguliwe na ifungwe nyingine. Shingo hiyo hushikwa na skrubu nne tu, bila gundi. Anayeagiza leo mwili kwa muuzaji mmoja na shingo kwa mwingine anakula matunda ya uamuzi ule.

Gitaa hilo lilipewa jina la Broadcaster, na kampuni ya Gretsch ikapinga kwa sababu ilikuwa na ngoma zenye jina linalokaribiana nalo. Kiwandani kwa Fender wakakata neno hilo kwenye karatasi za nembo, wakaendelea kuuza magitaa yenye neno Fender pekee mpaka jina la Telecaster lilipopatikana mwaka 1951. Magitaa hayo ya katikati, yasiyo na jina, husakwa sana na wakusanyaji.

Je, wajua kipimo kinachotawala kazi yote ya kuunga gitaa? Ni urefu wa uzi unaotetema, kuanzia kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja. Kwa Fender nyingi ni milimita 648. Kwa magitaa mengi ya kampuni ya Gibson ni 628 hivi. Milimita 20 zinaonekana kidogo, ila ukifunga shingo ya kampuni moja kwenye mwili uliotobolewa kwa vipimo vya nyingine, gitaa halitaimba sawa popote pale. Freti, vile vyuma vyembamba vilivyopita shingoni, hupangwa kwa hesabu: gawanya urefu huo kwa 17.817 upate mahali pa freti ya kwanza, kisha gawanya kinachobaki kwa namba ileile, na uendelee hivyo. Kwa milimita 648, freti ya kwanza iko umbali wa milimita 36.4. Freti ya 12 huangukia nusu kamili, milimita 324. Kwa hiyo kabla ya kutoboa hata tundu moja la daraja, pima kutoka kwenye ule mfupa hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Hiki ndicho kipimo ambacho ningemwomba kila anayeanza akirudie hata mara tatu. Rangi hurudiwa na waya hufunguliwa, lakini tundu la mbao likishatobolewa pasipo pake linabaki hapo.

Je, wajua kwamba Brian May wa bendi ya Queen bado anapiga gitaa alilotengeneza nyumbani na baba yake, Harold, kuanzia mwaka 1963? Shingo ilitokana na ubao wa meko ya zamani, na matundu ya wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Hata hivyo, pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) alizojitengenezea mwenyewe hazikumridhisha, akanunua za kampuni ya Burns. Kuagiza kile usichoweza kukitengeneza vizuri hakupunguzi heshima ya kazi.

Mpiga gitaa Eddie Van Halen naye aliunga gitaa lake: alinunua mwili wenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Pikapu aliichomoa kwenye Gibson na kuichovya katika nta iliyoyeyushwa, ili isipige ukelele sauti ikiwa juu. Mwaka 2019 gitaa hilo lilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Na Blackie, gitaa la mwanamuziki Eric Clapton? Aliiunga kwa sehemu bora za magitaa matatu ya Fender aina ya Stratocaster aliyoyanunua Nashville mwaka 1970. Mwaka 2004 iliuzwa mnadani kwa dola 959,500.

Je, wajua pikapu ina nini ndani? Sumaku na waya wa shaba, basi. Waya wenyewe ni mwembamba mno, kama milimita 0.06, nao huzungushwa mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye gitaa hili. Waya huo uliozungushwa, yaani koili, hudaka pia mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao Tanzania na Kenya ni hezi 50 na Marekani ni 60. Seth Lover wa Gibson aliupatia dawa mwaka 1955: koili mbili zilizounganishwa kinyume, sumaku zake nazo zikiwa kinyume, mvumo ukafutana na muziki ukabaki.

Ukiagiza pikapu ya koili moja, kawaida yake ni kitufe cha sauti cha omu 250,000. Ya koili mbili huendana na omu 500,000. Ukichukua ndogo kwa ile ya koili mbili, sauti hufifia makali yake. Usisahau waya mmoja unaotoka kwenye daraja kwenda ardhi ya saketi. Ukikosekana, gitaa huvuma hadi pale unapogusa chuma cha plagi au kitufe.

Je, wajua kwamba mpingo, mti wa taifa la Tanzania, ni ndugu wa mbao za rozwudi zinazobandikwa juu ya shingo za magitaa? Yote ni jamii ya Dalbergia. Kuanzia Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka jamii nzima chini ya vibali, na biashara ya magitaa ikatikisika. Mwaka 2019 ala zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo. Magogo na mbao ghafi bado yanahitaji kibali. Nafurahi kwamba sheria haikulegea kwa magogo, maana mpingo hukua polepole mno.

Kazi ya mwisho ya kuunga gitaa ni kurekebisha daraja. Kubonyeza uzi huuvuta kidogo na kupandisha sauti, na nyuzi nene huathirika zaidi, hivyo vipande vya daraja vinavyozibeba husogezwa nyuma. Linganisha uzi mtupu na freti ya 12: sauti ya freti ikizidi, rudisha kipande nyuma, ikipungua, kilete mbele. Funga nyuzi mpya kwanza, kwa sababu zenye kutu hazitetemi sawasawa na utasogeza daraja bure.