Stendi Kwanza, Darubini Baadaye

Anayeanza kupiga picha za anga huwa na hamu ya kununua darubini kubwa. Kwa mkazi wa Malakisi, magharibi mwa Kenya, mimi ningependekeza fedha nyingi ziende kwenye stendi, hata darubini ikiwa ndogo.

Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, na kamera haisamehe. Funga darubini yenye umbali wa fokasi wa milimita 400 kwenye stendi isiyosogea, uweke kamera yenye pikseli za maikroni 4: nyota iliyo karibu na ikweta ya anga itavuka pikseli saba kwa sekunde moja tu. Wingu la gesi la Orioni linahitaji dakika kadhaa za mwanga, tena nyingi, kwa hiyo utaambulia michirizi. Ndiyo maana stendi ya kazi hii huwa na mota inayoizungusha darubini ili ifuatane na nyota. Mota hiyo hufaa tu pale mhimili wake unapokuwa sambamba na ule wa dunia.

Malakisi ina shida yake hapo. Maelekezo mengi ya stendi hizi yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani: itafute Nyota ya Kaskazini, ulenge, umemaliza. Mji huu uko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, na nyota hiyo haipandi hata digrii mbili juu ya upeo wa macho. Upande huohuo umekaa Mlima Elgon, wenye mita 4,321. Hata anga iwe safi namna gani, huioni. Nako kusini, ncha ya anga imezama chini ya upeo.

Dawa ni kuzitazama nyota zikiteleza. Katika nusu ya pili ya Januari, wakati wa kiangazi, nyota ya Mintaka katika mshipi wa Orioni hupita karibu utosini kama saa nne usiku. Elekeza mhimili kaskazini kwa dira, kisha iweke Mintaka katikati ya picha uiache dakika chache. Ikiteleza kusini, mhimili umeelekea mashariki mno. Ikiteleza kaskazini, umezidi magharibi. Baadaye chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikienda kusini, inua mhimili, ikienda kaskazini, ushushe. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazopima kosa hilo kwa picha chache, lakini njia ya macho haihitaji intaneti.

Umeme si tatizo kubwa: stendi nyingi hutumia volti 12, sawa na betri ya pikipiki. Kamera nayo isikusumbue mwanzoni. Ile ya kawaida inatosha, ingawa kichujio chake huzuia sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni. Piga picha nyingi fupi uziunganishe. Picha 100 hupunguza chengachenga mara 10.

Tatizo kubwa zaidi ni la chuma. Mhimili hapa hulala karibu bapa, na stendi nyingi hazishuki kiasi hicho. Nyingine uzito wake wa kusawazisha hugonga miguu. Kufupisha mguu wa kaskazini husaidia, ila stendi iliyoinama huanguka kirahisi na kila kitu kilicho juu yake. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji mhimili unashuka hadi latitudo ngapi. Akikutajia 15, tafuta stendi nyingine.