Nafasi tupu nayo ni matini

Ubeti wa utenzi una mishororo mingapi? Hata mwanafunzi wa sekondari atakujibu: minne. Lakini mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mkazi wa Kimbo pale kati ya Ruiru na Thika, alinipigia simu juzi usiku na jibu jingine. "Prof, kompyuta inasema ni tisa! Karibu kila ubeti, tisa."

Alikuwa amehifadhi tenzi zake kwa XML, mtindo ulioidhinishwa na shirika la W3C mwaka 1998, ambapo kila kipashio cha matini hufungiwa ndani ya lebo. Ubeti una lebo yake, na ndani yake kila mshororo una yake. Ili kazi isomeke vizuri, aliuandika kila mshororo kwenye mstari wake na kuusogeza ndani kidogo. Tisa ilizaliwa hapo.

Pale sisi tunapoona weupe wa karatasi, tarakilishi inaona herufi. Kubonyeza kitufe cha nafasi au cha kuanza mstari mpya ni kuandika alama, sawa na kuandika a au b. Na kanuni za XML zinaiamuru programu inayochanganua matini ipitishe kila alama isiyokuwa lebo. Sasa hesabu nami: nafasi moja kabla ya mshororo wa kwanza, tatu katikati ya mishororo, moja baada ya ule wa mwisho. Hizo ni tano, na kila moja huwa nodi ya matini. Ongeza mishororo minne. Ndiyo maana alipoomba kipashio cha kwanza cha ubeti alipewa nafasi tupu, na jedwali lake lote la vina likavurugika.

"Si nizifute tu zote, Prof?"

La, mwanangu. Chukua maneno "mtoto wa kati", kila neno likiwa na lebo yake, kama wafanyavyo waundaji wa kopasi. Futa nafasi zilizo kati ya lebo, kisha uyasome yakiwa yameungana: "wa kati" imekuwa "wakati", na yule mtoto hana maana tena. (Mimi niliyezeeka nikisahihisha "kwasababu" katika insha najua uchungu wa nafasi iliyopotea.) Programu haiwezi kukisia ipi ni nafasi ya kupamba ukurasa na ipi ni ya lugha, mpaka ielezwe, kwa mfano kwa faili ya kanuni inayotamka kwamba ndani ya ubeti hamna kitu ila mishororo. Zipo programu zinazozitupa zenyewe bila kuulizwa, na hizo ndizo humfanya mtu aape kwamba faili yake ilikuwa sawa kwenye mashine ya mwenzake.

Kwake yeye dawa ilikuwa nyepesi: aombe elementi pekee, siyo kila nodi. Alibadilisha neno moja tu katika programu yake, na minne ikarudi. Ubeti mmoja ulitoa mitatu. Ndio uliokuwa ukitoa saba hapo awali. Huo, mshororo aliuruka mwenyewe akinakili.