Kaunta Ikivimba, Usikimbilie Fomeka Mpya

Masika yakishika Arusha, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, watalii hupungua na magari ya safari hupata nafasi ya kuingia gereji. Ukitoka Kijenge, mzunguko wa Impala, ukashika barabara ya Njiro, utayaona: Land Cruiser zilizorefushwa, zenye paa la kunyanyuka, na mojamoja zile zilizogeuzwa kuwa nyumba kabisa, zina kitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji. Hizi za mwisho ndizo kampa. Kabla msimu wa mwezi wa sita haujaanza kila kitu kinatakiwa kiwe sawa: springi, breki, mipira ya madirisha. Halafu kuna kazi moja isiyohusu injini ambayo mara nyingi anaangushiwa kijana wa field: kaunta ya jiko imevimba, itengenezwe.

Kama wewe hufanyi field gereji na unaona hayakuhusu, nenda kaguse ukingo wa kaunta ya geto lako, pale karibu na sinki au ndoo ya maji. Wengi tunaokaa Kijenge na Njiro tunapikia juu ya ubao uleule wa kwenye kampa, na siku ya kuhama mwenye nyumba ataukagua. Kwa hiyo makala hii ni ya wote wawili, mwenye spana na mwenye sufuria.

Jibu la haraka la mafundi wengi ni kubandika fomeka mpya juu ya ile ya zamani. Inapendeza kwa macho, na baada ya mvua chache inavimba tena. Ili kujua kwa nini, lazima tuufungue huo ubao.

Ndani ya ubao kuna nini

Kaunta ya aina hii ina vitu viwili. Juu kuna ngozi nyembamba, ngumu, yenye rangi au michoro ya mbao na mawe. Ngozi hiyo ni karatasi. Ni tabaka kadhaa za karatasi nzito iliyoloweshwa gundi ya fenoli, juu yake karatasi ya urembo iliyoloweshwa melamini, vyote vikabanwa pamoja kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka vikawa kitu kimoja, chenye unene wa milimita moja hivi. Tunaiita fomeka kutokana na jina la kampuni, Formica, iliyoanzishwa mwaka 1913 huko Cincinnati, Marekani, na Herbert Faber na Daniel O'Conor. Wao hawakuwa wakiwaza jikoni. Walitaka kizuizi cha umeme cha kutumia badala ya madini ya ulanga, ambayo pia huitwa maika, na jina lao maana yake ni hiyohiyo: badala ya maika.

Chini ya ngozi hiyo kuna chipbodi au MDF. Chipbodi ni chembe za mbao, MDF ni nyuzinyuzi za mbao; zote huchanganywa na gundi, kwa kawaida ya yurea, kisha zikakandamizwa kwa nguvu mpaka zikawa shiti. Hapo ndipo kesi yetu ilipo. Mbao ya kawaida ikilowa huvimba, ikikauka hurudi karibu na ilivyokuwa. Chipbodi haifanyi hivyo. Zile chembe zilibanwa kwa lazima, na kilichokuwa kikizishikilia ni gundi isiyopenda maji. Maji yakiingia, gundi inaachia na chembe zinafutuka kurudi kwenye umbo lao la kabla ya kubanwa. Hata ukiuanika ubao juani wiki nzima, maji yatatoka lakini hakuna wa kuzibana tena. Kiwandani zilibanwa na mashine. Wewe una mikono.

Sasa angalia: ile ngozi ya juu maji hayaipiti. Unaweza kumwaga chai juu yake kutwa. Maji hupita pale tulipokata sisi wenyewe: tundu la sinki, tundu la bomba, ukingo wa mbele, mashimo ya skrubu, na upande wa chini ambao mara nyingi umeachwa wazi kabisa. Kubandika fomeka nyingine juu ni kuziba mahali ambapo hapakuwa panavuja.

Kwa nini kampa huumia zaidi

Nyumba imetulia, gari halitulii. Barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kushuka Serengeti, inatikisa kila kiungo kwa saa nyingi. Silikoni iliyozunguka sinki inachanika kidogo, mpira wa maji unalegea kwenye bomba, na tone linaanza kudondoka chini ya kaunta ambako hakuna anayechungulia.

Kuna na maji yasiyotoka bombani. Gesi ya kupikia ikiungua hutoa mvuke wa maji. Kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ina maana mtungi mdogo wa kilo 6, mpaka uishe, umemwaga hewani zaidi ya lita 9. Ukipika ndani ya gari lililofungwa, usiku wa baridi kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mvuke huo unaganda kwenye kioo na bati, unateremka, unatua nyuma ya kaunta. Geto lenye dirisha moja lililofungwa kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba lina habari hiyohiyo.

Pima kabla ya kuamua

Usianze na gundi. Anza na vipimo vinne, vyote vya bure.

Kwanza, kidole gumba. Bonyeza kuzunguka sinki na ukingoni. Panapobonyea pameoza.

Pili, rula. Pima unene wa ubao mahali pazima, kisha mahali palipovimba. Ubao wa milimita 18 uliofika 19 bado unaongeleka. Uliofika 22 umeshaachia ndani.

Tatu, bisibisi. Ingia chini ya kaunta, choma taratibu kwa ncha. Ikigoma, kuna uhai. Ikizama na kutoa unga kama pumba, hapo hamna kitu.

Nne, angalia alama ya maji imeenea kiasi gani. Kama ni ukingo tu, upana wa vidole viwili au vitatu, unaweza kukarabati. Kama imezunguka sinki lote, au imefika pale jiko la gesi linapokaa, toa ubao wote. Hili la jiko si la kubembeleza. Jiko lililofungwa kwa skrubu kwenye ubao uliooza litang'oka siku gari likiruka shimo, na mpira wa gesi utavutika nalo. Mgeni aliyekodi gari hawezi kuliona hilo. Aliyefunga ndiye anayejua.

Ukiamua kukarabati

Ziba chanzo kwanza: kaza mpira, badilisha washa, ondoa silikoni yote ya zamani. Kisha kausha. Siyo saa mbili; siku kadhaa, upepo ukipita chini na juu, feni ikiwepo vizuri. Usitumie jiko la mkaa wala moto wa karibu, utaungua ubao au fomeka itafumka.

Ukishakauka, nyanyua fomeka palipoachia bila kuivunja. Kwangua chembe zilizolegea. Pakaa gundi ya eposi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, iache izame na kushika. Baada ya hapo piga msasa mpaka usawa urudi.

Kurudisha fomeka tumia gundi ya kopo, ileile ya fundi viatu. Pakaa pande zote mbili, subiri kama dakika 10 hadi 20 mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ikigusana imeshika, hakuna kusogeza, kwa hiyo weka vijiti katikati na uvichomoe kimoja kimoja huku ukibonyeza. Mvuke wa gundi hii unashika moto na unalevya: mtungi wa gesi ufungwe na utolewe nje, milango wazi, na sigara ya mtu yeyote ibaki ng'ambo ya barabara.

Ukiamua kubadilisha

Funga gesi, chomoa betri, toa maji kwenye tangi. Toa sinki. Skrubu nyingi zimefungwa kutokea chini, kwa hiyo usipige nyundo juu kabla hujachungulia. Jitahidi ubao wa zamani utoke mzima hata kama umeoza, maana ndio kipimo chako: lalisha juu ya ubao mpya na uchore kwa penseli.

Ubao gani? Kwa gari, plaiwudi inaishinda chipbodi mara mbili: kwa maji na kwa uzito. Chukua kaunta ya mita 1 kwa nusu mita. Ya chipbodi ya milimita 18 ina uzito wa kilo 6 hivi. Ya plaiwudi ya milimita 12, ikiwekewa fremu chini, ni kama kilo 3 na nusu. Shiti nzima ni futi 4 kwa 8, nawe huhitaji yote. Ulizia mabaki kwa maseremala wanaotengeneza makabati.

Neno "marini" lisikutishe wala lisikudanganye. Madukani mara nyingi linatajwa kwa ile plaiwudi ya kahawia inayong'aa wanayopigia zege. Ngozi yake ni nzuri, ila kinachoamua ni gundi ya kati ya tabaka, na hiyo haionekani kwa macho. Omba kipande kidogo, kichemshe kama unavyochemsha makande, saa kadhaa. Tabaka zikibaki zimeshikana, nunua. Zikifunguka kama kurasa za daftari lililolowa, umeokoa hela yako. Chipbodi nayo ina mtihani wake: pima unene wa kipande, kitumbukize kwenye maji saa 24, pima tena. Maabara za mbao hupima uvimbe kwa namna hiyohiyo.

Kwenye kukata tundu la sinki, usikate kona kali. Toboa kwanza kwa drili kwenye kila kona, kisha kata kutoka tundu hadi tundu, kona zibaki za mviringo. Fomeka huanza kupasuka kwenye kona kali ya ndani, hasa kwenye kitu kinachotikisika.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa, na ndiyo iliyotuleta hapa. Kabla sinki halijarudi, pakaa eposi au vanishi ya kuzuia maji kwenye kila mahali msumeno ulipopita: mzunguko wa tundu, kingo zote nne, ndani ya kila shimo la skrubu. Rangi moja haitoshi. Ikikauka rudia, kwa sababu kingo zinakunywa. Upande wa chini nao upakwe wote. Ukiacha chini wazi, upande mmoja utavuta unyevu na mwingine hautavuta, ubao utapinda.

Funga kwa bolti na nati zenye washa ya mpira. Skrubu peke yake zitalegea njiani. Zungushia sinki silikoni, iache saa 24 bila kuigusa maji. Gesi arudishe fundi wa gesi, na viungo vipimwe kwa povu la sabuni. Kiberiti si kipimo.

Na geto je?

Hesabu ni zilezile, tofauti ni kwamba ubao si wako. Ukiona silikoni imeanza kuachia, usisubiri ivimbe halafu uifunike na kitambaa. Nenda kwa mwenye nyumba mapema: "Shikamoo mama. Pale kwenye sinki pameachia, maji yanaingia kwenye ubao. Naomba tupazibe kabla hapajaharibika." Piga na picha yenye tarehe, uitume kwake kwa simu. Mrija mmoja wa silikoni hauwezi kulingana na kaunta nzima, na mwenye nyumba mwenye akili anajua hivyo. Ukinyamaza, siku ya kuhama hutakuwa na la kusema, na bumu lenyewe unajua lilivyo.

Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na chipbodi, ila wangeielewa haraka. Kwa hiyo, uwe na kampa ya bosi au kaunta ya geto, mara moja kwa mwezi ingiza mkono chini ya sinki. Pakiwa pakavu, endelea na masomo. Pakiwa na unyevu, kabla ya kumpigia fundi muulize swali moja: ataziba kingo, au atabandika juu tu? Akijibu la pili, mshukuru na utafute mwingine.